Kimya cha mtoto wa Liboi si upungufu wa akili

Sensa ya mwaka 2019 ilituachia takwimu moja ambayo ingestahili mjadala mrefu zaidi. Katika taifa zima, watu wenye ulemavu, wakihesabiwa kuanzia umri wa miaka mitano, walikuwa asilimia 2.2. Katika Kaunti ya Embu walikuwa asilimia 4.4. Katika Kaunti ya Wajir walikuwa asilimia 0.6 tu. Anayezitazama tarakimu hizo kwa pupa atadhani kwamba Kaskazini Mashariki, eneo ambalo limepitia vita, ukame na ukimbizi, ndiko watoto wanakozaliwa na kukua wakiwa wazima kuliko kwingineko kote nchini. Hakuna mwalimu wa Garissa, Wajir wala Mandera atakayeyakubali hayo.

Sababu za upungufu huo ni nyingi. Idadi ya watu katika kaunti hizo imebishaniwa hata mahakamani, na jamii za wafugaji huhamahama. Walakini, ipo sababu moja inayotuhusu sisi tunaoshughulika na lugha. Anayehesabu huona tu lile aliloliuliza, na huuliza kwa maneno aliyo nayo. Maswali ya sensa yalihusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kumakinika, kujitunza na kuwasiliana. Ni maswali mazuri, lakini hayamfikii mtoto wa miaka mitatu asiyeitika anapoitwa jina lake, wala msichana wa miaka kumi na mitano asiyepata usingizi tangu alipoona damu ikimwagika. Tena maswali hayo huulizwa katika jamii ambamo maneno ya kuyajibu aghalabu yamebeba aibu.

Makala haya yanashikilia jambo moja: mtoto hapaswi kupewa jina la ugonjwa au la ulemavu kabla hajasikilizwa kwa lugha yake. Nitauchukua mji wa Liboi kuwa mfano, kwa sababu pale tatizo hili huonekana bila pazia.

Liboi ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa ulio karibu na mpaka wa Somalia, mkabala na Dhobley. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya wakimbizi waliingia nchini kupitia hapo, na kambi ikafunguliwa papo hapo Liboi kabla ya mzigo mkubwa kuhamia Dadaab, katika kambi za Ifo, Hagadera na Dagahaley. Mwezi wa Januari 2007 mpaka ulifungwa rasmi, na kituo cha kuwapokea wakimbizi pale Liboi nacho kikafungwa. Watu hawakuacha kuja. Mwaka 2011, ukame ulipoandamana na vita, idadi ya wakimbizi wa Dadaab ilizidi 400,000, katika kambi zilizokusudiwa watu 90,000. Oktoba mwaka huo huo majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia, na Liboi ikawa njia yao.

Mtoto aliyezaliwa Liboi mwaka 2011 sasa ni kijana. Amekulia katika mji wa askari, wa mabomu ya kutegwa barabarani na wa jamaa wanaofika usiku wakiwa hawana kitu. Wazazi wake nao wana kumbukumbu zao, na babu yake ana za miaka ya 1960, vita vilivyoitwa vya mashifta vilipoligeuza eneo zima kuwa nchi ya amri za dharura hadi mwaka 1991. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyokumbwa na vita, mtu mmoja kati ya watano huwa na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba ulimwenguni kote, kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 huishi na tatizo la aina hiyo. Haiwezekani Liboi iwe imesamehewa.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna hali za ukuaji ambazo mtoto huzaliwa nazo au huzipata mapema: usonji, ulemavu wa akili, tatizo la kutotulia na kutomakinika, na ugumu wa kujifunza kusoma. Hizi si ugonjwa wa kuambukizwa wala matokeo ya malezi mabaya. Kisha kuna maradhi ya nafsi yanayoweza kumfika mtoto yeyote: sonona, wasiwasi uliokithiri, na kiwewe kinachofuata msiba au vita. La kwanza huhitaji mafunzo maalumu na subira ya miaka. La pili mara nyingi hutibika. Anayeyachanganya humnyima mmoja shule na mwingine dawa.

Je, Kiswahili chetu kinatusaidia kuyatenganisha? La kusikitisha ni kwamba hakisaidii sana. Tumelikabidhi neno moja, akili, kazi zote. Tunasema mtoto ana akili, tukimaanisha kwamba hufaulu mitihani. Tunasema afya ya akili, ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili. Msomi huona tofauti, lakini mzazi husikia jambo moja tu, yaani mwanawe hana akili. Mtindio wa ubongo kwa wengine ni ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuathirika. Kwa wengine ni ulemavu wa akili. Msongo wa mawazo hutumiwa kwa uchovu wa mtihani na hutumiwa pia kwa sonona inayoweza kuua. Ama maneno ya mtaani, kama vile punguani, zuzu, taahira na mwehu, hayo ni matusi.

Tusidhani basi kwamba imani za mizimu na majini ni za Wasomali peke yao. Neno mwendawazimu lina mizimu ndani yake. Majununi, tuliyemwazima kutoka Kiarabu, ni mtu aliyeingiwa na jini. Lugha zetu zote zilipata kuamini kwamba akili ikitetereka, kuna mgeni aliyeingia nyumbani. Kwa hiyo mzazi wa Liboi anayempeleka mwanawe kusomewa Kurani si mjinga kuliko babu zetu. Anatafuta msaada kwa jina alilo nalo.

Kisomali nacho kina hazina yake. Waalli ni wazimu, neno zito ambalo mtu hatalitumia kwa mtoto wake ila amekata tamaa. Lakini lipo neno murug, la huzuni inayoukalia moyo, na welwel, la wasiwasi. Tena lipo neno buufis, ambalo limepata maisha yake hasa katika kambi za Dadaab. Asili yake ni kitendo cha kupuliza au kujaza hewa, na mtafiti Cindy Horst ameliandikia kwa kina. Buufis ni ile hamu ya kupelekwa ng'ambo inayomjaa mtu hata asiweze kuyaishi maisha aliyo nayo, na pia ni maradhi ya moyo yanayomfika hamu hiyo inapovunjika. Serikali ya Marekani ilipousimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, kwanza Januari 2017 na tena Januari 2025, kila kijana wa Dadaab aliyekuwa akingoja safari alijua jina la alichokihisi. Mshauri anayemuuliza kijana huyo kama ana sonona atajibiwa kwamba hana. Akimuuliza habari za buufis, mazungumzo yataanza.

Tuingie sasa darasani, maana hapo ndipo mwalimu anapohukumu. Mtoto wa Liboi huanza na Kisomali nyumbani. Huenda duksi, akahifadhi Kurani kwa Kiarabu. Kisha huingia shule na kukuta Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Sera ya lugha, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya mwaka 1976, inataka mtoto wa madarasa ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Katika shule nyingi sera hiyo imebaki katika makabati.

Wataalamu wa kujifunza lugha ya pili wanakifahamu vyema kipindi cha kimya. Mtoto aliyetiwa ghafla katika lugha ngeni anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kutamka neno. Anasikiliza na kupanga. Akianza kusema, huja na makosa ambayo yana mantiki. Kisomali hakina sauti za p, v wala z. Kwa hiyo mtoto atasema bolisi badala ya polisi, fitabu badala ya vitabu na sawadi badala ya zawadi. Kisomali huzigawa nomino kwa jinsia mbili, nacho Kiswahili huzigawa kwa ngeli nyingi. Kwa hiyo atavuruga upatanisho wa sarufi. Mwalimu asiyejua hayo atamwandika mtoto huyo kuwa na kigugumizi, au kuwa mzito wa kuelewa. Kumbe mtoto hana ila yoyote. Mwalimu huyo huyo akiambiwa atamke sauti za kooni zilizo katika Kisomali, yeye ndiye atakayeonekana kuwa na hitilafu ya ulimi.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo, nalo ni baya zaidi. Katika darasa ambalo watoto kumi hawasemi kwa sababu lugha ni ngeni, yule mmoja asiyesema kwa sababu ana usonji, au hasikii vizuri, au ameona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, hafahamiki. Mwalimu husema, atazoea. Mwaka hupita, na wa pili hupita. Kimya kilichokuwa dalili kimehesabiwa kuwa desturi. Mtoto huachishwa shule, akapewa mbuzi achunge, au akafichwa nyumbani. Katika hali zilizo mbaya zaidi hufungwa kamba au pingu. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2020 kwamba watu wenye matatizo ya akili, watoto wakiwamo, hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na Kenya imo katika orodha hiyo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tuulize pia, ni nani aliyemfundisha mzazi kuficha, kama si jina baya tulilompa mwanawe?

Hali hii ilizidishwa na msiba wa walimu wenyewe. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, wakiwamo walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi mno wao wakiwa wanafunzi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Hakuna anayeweza kuwalaumu waliohama. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba shule nyingi zilibaki na walimu wachache, aghalabu vijana wa papo hapo. Vijana hao wana kitu ambacho mtaalamu wa Nairobi hana: wanaijua lugha ya mtoto. Wanachokosa ni mafunzo ya kutambua dalili. Ni rahisi zaidi kumfundisha anayejua Kisomali dalili za usonji kuliko kumfundisha mtaalamu wa usonji Kisomali.

Tukitaka kuona gharama ya kukosa maneno, tuwatazame Wasomali waliofika mbali, wengi wao wakiwa wamepitia kambi hizi hizi za Dadaab. Huko Stockholm, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliona kwamba usonji ulitambuliwa kwa watoto wa kina mama Wasomali mara tatu hadi nne kuliko kwa watoto wengine. Wazazi, ambao hawakuwa na neno la hali hiyo katika lugha yao, waliiita ugonjwa wa Uswidi. Huko Minneapolis nako, utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wa mwaka 2013 ulikadiria usonji kwa mtoto mmoja kati ya 32 wa Kisomali, kiwango kisichotofautiana sana na cha watoto weupe, mmoja kati ya 36. Tofauti ilikuwa kwamba watoto wa Kisomali waliotambuliwa walikuwa na ulemavu wa akili pia kwa wingi zaidi.

Palipokosekana neno na maelezo, uongo ulipata nafasi. Daktari Andrew Wakefield alikuwa amedai katika jarida la Lancet mwaka 1998 kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina uhusiano na usonji. Jarida hilo liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Lakini wazazi wa Minneapolis waliokuwa wakitafuta sababu walifikiwa na wapinga chanjo kabla ya kufikiwa na madaktari wenye lugha yao. Mwaka 2017 surua ililipuka Minnesota, na zaidi ya watu 70 wakaugua, wengi wao watoto wa Kisomali ambao hawakuwa wamechanjwa. Mzazi aliyenyimwa maelezo katika lugha yake hatakaa bila maelezo. Atachukua ya yeyote atakayetangulia kumfikia.

Wapo watakaosema kwamba haya ya maneno ni anasa; kwamba Liboi inahitaji kwanza usalama, barabara na daktari. Hoja hiyo ina uzito. Mzazi wa Liboi anayetafuta tiba ya akili hana budi kusafiri mbali, kupitia barabara ambayo si salama. Lakini daktari atakapofika atafanya nini? Ugonjwa wa malaria huonekana katika tone la damu. Sonona na kiwewe havina kipimo cha damu; chombo cha daktari ni mazungumzo. Daktari asiye na lugha ya mgonjwa ni kama fundi aliyesahau kikapu chake cha vifaa nyumbani. Kumtumia dada mdogo wa mgonjwa kuwa mkalimani si suluhisho, maana kuna mambo ambayo msichana hatayasema mbele ya ndugu yake, hasa yanayohusu ukeketaji, ndoa ya mapema au unajisi. Tena si kila mtu katika kambi anasema Kisomali kile kile. Wapo wanaosema Kimaay, ambao hawaelewani vizuri na wengine.

Wengine watahofu kwamba kumsikiliza mtoto kwa Kisomali ni kukidhoofisha Kiswahili, lugha ya taifa. Mimi ninayekifundisha Kiswahili sioni hivyo. Mtoto aliyeelewekwa kwa lugha ya mamake ndiye atakayejifunza ya pili kwa furaha. Lugha ya taifa haipati heshima kwa kuwa fimbo.

Sheria zipo. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022 na kuzipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua kinakiuka katiba, na kwa hivyo kijana aliyefikia ukingo huo anahitaji msaada, si seli. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwapo tangu mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya tangu 1986. Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unakusudia wakimbizi na wenyeji watumie shule na hospitali zile zile. Kilichopungua ni sikio.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, vipimo vinavyotumiwa katika vituo vya tathmini viandaliwe kwa Kisomali, visitafsiriwe neno kwa neno kutoka Kiingereza, na vijaribiwe kwa kuwauliza wazazi wameelewa nini. Pili, vyuo vikuu, kikiwamo cha Garissa, viwakusanye kina mama, wauguzi, walimu na maalim wa duksi watunge istilahi zisizo za matusi, kwa Kisomali na kwa Kiswahili. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya Kilatini mwaka 1972, na katika muda mfupi watu wengi mno wakajifunza kusoma. Lugha hiyo haishindwi kubuni maneno. Tatu, maalim wa duksi wasiachwe nje. Wao humwona mtoto kabla ya mwalimu wa shule, na mzazi huwaamini. Maalim anaweza kumsomea mtoto Kurani na papo hapo akamshauri mzazi aende hospitali. Nne, Tume ya Huduma za Walimu iwape walimu wenyeji mafunzo ya kutambua dalili, na iwahesabie kazi hiyo.

Nawe mwalimu huna haja ya kungoja waraka. Mtoto akikaa kimya, muulize mzazi: nyumbani husema? Hucheza na wenzake? Akiwa na kasoro ya lugha, itaonekana katika lugha zake zote; akishindwa Kiswahili peke yake, huyo anajifunza tu. Hakikisha anasikia. Uliza kama alikuwa akisema zamani na sasa ameacha, na ni lini, na baada ya tukio gani. Mtazame yule anayeshtuka kwa kishindo cha mlango, na yule anayesinzia kila asubuhi kwa kuwa usiku haumpi usingizi. Weka fimbo chini, iliyopigwa marufuku shuleni tangu mwaka 2001. Na usimpe mtoto jina ambalo hungependa wanao waitwe.

Sensa ijayo, ikifuata desturi ya kila miaka kumi, itakuwa mwaka 2029. Ikiwa asilimia ya Wajir na Garissa itapanda siku hiyo, tusikimbilie kusema kwamba maradhi yameongezeka. Huenda watoto wale wale watakuwa wameulizwa swali kwa lugha wanayoielewa, na wazazi wao wakajibu bila haya.